Bila Jina: Sammy Baloji akitazamwa kutoka bandari ya Mtwara

Mjomba wangu wa Chikongola ana picha moja anayoitunza kuliko hati ya kiwanja. Iko ndani ya bahasha ya kaki, bahasha iko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko ndani ya sanduku la bati. Ni picha nyeusi na nyeupe ya wanaume tisa waliosimama kwenye nyasi zilizowafika magotini, na nyuma yao trekta la minyororo. Mgongoni mwa picha mtu ameandika kwa penseli: Nachingwea, 1949. Basi. Hakuna jina hata moja.

Mmoja wa wale tisa ni babu, baba yake mama. Ni yupi? Hapo ndipo familia inapogawanyika. Mjomba anasema ni wa tatu kutoka kushoto. Mama mkubwa anasema mjomba hajui kitu, babu ni yule wa pembeni aliyeshika kofia. Bibi mdogo, ambaye kipindi hicho alikuwa binti wa kuchota maji, anasema babu hayumo kabisa. Siku ile alikuwa na homa, amelala.

Naianza makala na picha hii kwa sababu kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitazama kazi za Sammy Baloji, mpigapicha wa Lubumbashi, na kila nikifika mahali fulani kwenye kazi zake nakwama kwa swali lilelile la kwetu nyumbani: yule aliyesimama pale ni nani?

Niseme ukweli mapema. Kazi zake sijawahi kuziona ukutani. Nimeziona kwenye kompyuta, kwenye kitabu kimoja nilichoazimwa, na mara nyingi kwenye simu nikiwa nasubiri pantoni ya Msangamkuu. Na simu inamwonea Baloji. Picha zake maarufu ni ndefu kwa upana, panorama za zaidi ya mita moja, zilizotengenezwa ili mtazamaji atembee mbele yake kama anayekagua ukuta. Kwenye simu panorama inakuwa mstari, na watu wanakuwa sisimizi. Lazima uvute kwa vidole, uone kichwa, uachie, uvute tena, uone miguu. Kwa hiyo hukumu yangu ni ya mtu aliyetazama vipande, na wewe msomaji uipokee hivyo.

Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alisoma fasihi na sayansi za jamii Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kabla ya kamera alikuwa mchora katuni. Hilo la katuni wengi wanalipita haraka, lakini mimi naona ndiyo siri yake. Mchora katuni anajua kwamba maana inazaliwa kati ya kisanduku kimoja na kingine, na Baloji hajawahi kuamini picha moja peke yake. Kila anachofanya ni kuweka kitu kimoja jirani na kingine kisha kukuachia kazi.

Mji wenyewe unastahili maneno machache. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na sababu ya kuwepo kwake ni shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ikaitaifisha, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Kampuni haikuwa mwajiri tu. Ilitoa nyumba, ilitoa posho, ilijenga shule na hospitali, ilijua mke wa mfanyakazi ana watoto wangapi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikizalisha karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Miaka kumi baadaye ilikuwa imeanguka hata kuitambua ni shida, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walipewa mkono wa kwaheri kwa mpango ulioitwa wa hiari. Hiari, bwana!

Na watu wa mji huo wanazungumza Kiswahili. Si hiki chetu, kina mwendo wake na maneno yake ya Kifaransa, lakini ni Kiswahili cha kambi za migodini, lugha ya watu waliokusanywa kutoka kila upande ili wachimbe pamoja. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya Élisabethville kwa macho ya maboi wa nyumbani. Tshibumba Kanda Matulu aliichora historia ya Kongo nzima kwenye turubai na kuieleza kwa lugha hiyohiyo. Baloji anatoka kwenye ukoo huu wa watu wanaosimulia mji wao wenyewe bila kusubiri kuitwa. Sitashangaa mtu akiniambia nimemchukua "wa kwetu" kwa nguvu. Nimemchukua.

Kazi iliyomtoa ni mfululizo uitwao Mémoire, yaani kumbukumbu, wa mwaka 2006. Alikuwa akipiga picha za majengo ya enzi za ukoloni mjini kwake alipokutana na hifadhi ya picha za kampuni. Alichofanya ni rahisi kueleza. Alipiga picha za rangi za mitambo ya Gécamines kama alivyoikuta: mabati yenye kutu, mapaa yaliyobomoka, kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyushia shaba kinachoonekana kutoka kila kona ya Lubumbashi. Kisha kutoka kwenye picha za zamani akakata watu, wafanyakazi wa Kiafrika, wengine vifua wazi, wengine wamefungwa minyororo, na mabwana wa Kizungu waliovaa kofia ngumu za jua, akawasimamisha mbele ya magofu hayo.

Tumezoea kwamba rangi ni sasa na nyeusi-na-nyeupe ni zamani; rangi ni uhai, kijivu ni kifo. Baloji amelipindua hilo. Kwenye picha zake sehemu yenye rangi ndiyo iliyokufa. Hakuna moshi, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Walio hai ni wale wa kijivu. Wanakutazama. Na kwa kuwa jua lililowapiga wao silo jua lililopiga ukuta ulio nyuma yao, jicho lako linashtuka kidogo kabla akili haijajua kwa nini. Hakujaribu kuficha mkato. Angeweza, programu zipo. Ameuacha uonekane kama mshono kwenye shuka iliyotiwa kiraka.

Wahakiki wengi, hasa wa Ulaya, wanaisoma Mémoire kama mashtaka: ukoloni ulifanya hivi, tazama matokeo. Sikatai. Lakini wakiishia hapo wanaacha nusu. Maonyesho ya mfululizo huu jijini New York mwaka 2010, yaliyoandaliwa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, yaliitwa The Beautiful Time, wakati mzuri. Jina hilo linauma kwa sababu ni kweli kwamba wazee wengi wa Lubumbashi wanaukumbuka wakati wa kampuni kwa hamu. Posho ilikuja, watoto walisoma, mshahara ulikuwa mshahara. Kampuni iliyowahesabu babu zao kama majembe ndiyo hiyo iliyowalisha baba zao. Ukimweka mfanyakazi wa zamani mbele ya kiwanda kilichokufa, je, anakishtaki au anakililia? Picha haikwambii. Naipenda kwa hilo.

Hapa Mtwara tunalijua hili vizuri kuliko mtu wa Brussels. Bandari yetu, hii ambayo leo malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanapanga foleni na kuvumbisha nguo za watu, ilijengwa kwa ajili ya karanga. Waingereza walitoka vitani mwaka 1945 wakiwa na njaa ya mafuta ya kula, wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni tatu Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Wakajenga reli kutoka pwani hadi Nachingwea, wakachimba gati ya maji marefu hapa. Mwaka 1951 mpango ulifutwa. Pauni zaidi ya milioni 30 zilikwisha na karanga hazikuonekana. Gati ilikamilika mwaka 1954, yaani mlango ulikuja baada ya nyumba kuungua. Reli ikafungwa mwaka 1962, vyuma vikang'olewa. Mji ulikuwa umepangwa mezani kwa ajili ya watu wengi mno, ndiyo maana hadi leo mgeni anashangaa mabarabara mapana na viwanja vitupu.

Kisha miaka ya 1970 vikaja viwanda vya kubangua korosho, vilivyojengwa kwa mikopo, na vingi vikakaa miaka na miaka bila kazi. Kisha ikaja gesi ya Mnazi Bay, na mwaka 2013 watu wakaingia barabarani bomba lilipoelekezwa Dar es Salaam. Kwa hiyo ukimwonyesha mtu wa Mtwara picha ya Mémoire hatauliza "hii ni Kongo?" Atauliza "hiki ni kiwanda kipi?" Nimefanya jaribio hilo mara tatu, na mara zote tatu ndilo swali nililoulizwa.

Sasa nifike kwenye ugomvi wangu na Baloji, maana sikuja hapa kumpigia makofi tu.

Picha za Mémoire hazina majina. Zinaitwa Untitled, Bila Jina, na namba: Bila Jina 6, Bila Jina 17 na kuendelea. Ni desturi ya kawaida kwenye sanaa ya kisasa, msanii hataki neno liitangulie picha. Lakini hapa, mbele ya watu ambao kampuni nayo iliwaandika kwa namba, desturi hiyo inanikereketa kooni. Mtu alipigwa picha bila kuulizwa kwa ajili ya faili la kampuni. Miaka 80 baadaye amekatwa kutoka kwenye faili, bado bila kuulizwa, akapelekwa Paris na New York kutazamwa na watu wenye glasi za mvinyo mkononi. Mnyororo wake umeonyeshwa mara ya pili. Jina bado hakuna.

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu dogo. Majina hayakuandikwa tangu mwanzo. Baloji hawezi kuyatunga. Kuwaacha watu hao ndani ya maboksi si kuwaheshimu, ni kuiachia kampuni neno la mwisho. Tena mkato wenyewe unafanya kazi fulani: kwenye picha ya asili yule mtu alikuwa ushahidi wa nguvu kazi iliyopo, kama vile unavyopiga picha ng'ombe kabla ya mnada. Baloji anamtoa kwenye mnada. Anamweka mahali ambapo kampuni imekufa na yeye bado amesimama. Nalikubali jibu hili karibu lote. Lakini "karibu" hiyo haiondoki, na imenifanya nifanye kitu cha kipuuzi.

Mwaka jana nilipata kibali cha siku moja cha kupiga picha bandarini kwa ajili ya habari niliyokuwa naiandika kuhusu msimu wa korosho. Nilipiga za kazi, na moja nikaipiga kwa ajili yangu: rundo la makaa ya mawe, kreni nyuma, bahari ya ghuba imetulia kama mafuta. Jioni nikaiomba ile picha ya Nachingwea kwa mjomba, nikaipiga kwa simu kwa uangalifu, nikakesha nawakata wale wanaume tisa mmoja mmoja kwenye kompyuta. Nikawasimamisha mbele ya makaa. Nilijiona Baloji kabisa.

Kesho yake nikamwonyesha mjomba.

"Shikamoo mjomba. Nimewaleta wazee bandarini."

"Marahaba." Akavaa miwani. Akatazama muda mrefu. "Miguu yao iko wapi?"

Sikuwa nimeona. Kwenye picha ya asili nyasi ziliwaficha kuanzia magotini kushuka chini. Mimi nilikata nyasi, na pamoja na nyasi nikawakata na miguu. Wanaume tisa walikuwa wanaelea juu ya makaa kama vinyago ambavyo havijamalizwa.

"Umewatoa kwenye nyasi zao," mjomba akasema. "Warudishe."

Tangu siku ile naitazama Mémoire kwa jicho jingine. Naangalia miguu. Namwangalia msanii anaamua mtu akanyage wapi, na naanza kuelewa kwamba hapo ndipo maadili ya kazi hii yalipo, kuliko kwenye maelezo ya ukutani. Kumkata mtu ni dakika tano. Kumtafutia pa kukanyaga ndiyo kazi.

Baada ya Mémoire, ambayo ilimpa tuzo kwenye maonyesho ya Bamako mwaka 2007, na tuzo ya Prince Claus mwaka 2009, Baloji angeweza kukata na kubandika maisha yake yote na soko lingenunua. Hakufanya hivyo. Mwaka 2011, akiwa na mwandishi Patrick Mudekereza, aliingia kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na kufanya Congo Far West. Humo alichukua kumbukumbu za msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900, akazikutanisha rangi za maji za mchoraji wa msafara, Léon Dardenne, na picha za mpigapicha wake, François Michel. Mchoro unapendeza, picha inakana. Ni kazi baridi zaidi, ya maktabani, nami nilichelewa kuipenda.

Kazi niliyoipenda mara moja ni Essay on Urban Planning ya mwaka 2013. Ni picha za Lubumbashi kutoka angani zilizopangwa pamoja na picha za visanduku vya wadudu waliochomwa pini, nzi na mbu. Kando kuna picha ya kumbukumbu ya mwaka 1929. Maelezo yake: mfanyakazi alitakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho. Nzi hamsini! Wakati huohuo mji uligawanywa kwa ukanda mtupu wa mita 500 kati ya Wazungu na Waafrika, kisingizio kikiwa malaria. Baloji haandiki hata neno moja la hasira. Anaweka mji, anaweka mdudu, anaweka mji, anaweka mdudu, na ukiwa umesimama kwa mbali unashindwa kutofautisha mitaa na mabawa. Mchora katuni yule wa zamani amerudi hapa, na visanduku vyake.

Kwenye picha za Kolwezi, alizozifanya kuanzia 2009, anaweka maturubai ya wachimbaji wadogo jirani na mabango ya Kichina ya maporomoko ya maji, maua na majumba yasiyokaliwa na mtu. Mabango hayo tunayajua. Kuna moja kwenye kibanda cha chapati ninakokunywa chai Shangani, limepauka, lina daraja na bata. Sikuwahi kulitazama kabla ya Baloji. Sasa siwezi kunywa chai bila kujiuliza ni nani aliyeamua ndoto yetu iwe na bata.

Halafu kuna shaba. Kwenye Sociétés secrètes ya mwaka 2015, Baloji aliacha kuipiga picha shaba akaichukua yenyewe: mabamba yaliyopigwa kwa nyundo, juu yake michoro ya chale iliyotolewa kwenye picha ambazo wataalamu wa makabila walizipiga zamani. Ngozi imehamia kwenye madini ambayo wenye ngozi hiyo waliyachimba. Kwa mtu aliyekulia chini ya nyanda za Wamakonde, hii si nadharia. Bibi yangu alikuwa na nembo usoni, mistari ya pembe-pembe mashavuni na kwenye paji. Tulipokuwa wadogo tulimwomba tuiguse, na ilikuwa na vinundu kama mshono. Yeye hakuona kuwa ni pambo wala kuwa ni aibu; alisema tu iliuma. Nikiyaangalia mabamba ya Baloji naisikia ile ngozi kwenye vidole, lakini sioni kuuma. Shaba inang'aa mno. Mchoro umebaki, maumivu yamesafishwa.

Huo ndio wasiwasi wangu na kazi zake za miaka ya karibuni, anapoishi kati ya Lubumbashi na Brussels na kualikwa kwenye majukwaa makubwa: Venice mwaka 2015, documenta 14 mwaka 2017, sanamu za ala za muziki zilizoitwa Johari mbele ya Grand Palais jijini Paris mwaka 2020. Nilifurahi kuona neno letu pale Paris, nikiri. Hata hivyo vitu vikubwa vya kung'aa vinasema haraka mno. Panorama za kutu zilinifanya nitembee. Sanamu inanifanya nisimame, nipige selfi, niondoke. Labda ni mimi tu niliyebaki mshamba wa picha bapa.

Jambo moja analonizidi bila ubishi ni kwamba hakuondoka mikono mitupu. Pamoja na Mudekereza na wenzao walianzisha Lubumbashi kituo na maonyesho waliyoyaita Picha. Picha, basi, neno analolijua kila mtoto wa mitaa. Maonyesho hayo yalianza mwaka 2008 na ndiyo yaliyozaa Biennale ya Lubumbashi. Maana yake kuna vijana wanaoona kazi hizi ukutani, kwa upana wake, mjini kwao, wakitembea kutoka nyumbani. Hawavuti kwa vidole.

Nimeanza kuwarudisha wazee wangu kwenye nyasi. Si rahisi, kwa sababu nyasi za Nachingwea hazikai vizuri juu ya makaa ya mawe. Zinaonekana kama zimeota humo. Jumamosi iliyopita nilimpelekea mama mkubwa aone nilipofikia. Hakusema lolote kuhusu nyasi wala makaa. Aliweka kidole kwenye kioo, juu ya yule wa pembeni mwenye kofia.

"Si unamwona," akasema. "Mwambie mjomba wako."